Bronko: Neno la Pumzi na Safari Yake

Mgonjwa wa bonde la Kilombero akiandikiwa "bronkaitisi" katika cheti chake, hupokea neno lililosafiri zaidi ya miaka 2000. Yafaa tulifunue.

Asili yake ni neno la Kiyunani bronkhos, yaani bomba la hewa lishukalo kutoka kooni hadi kifuani. Matawi yake yaingiayo mapafuni yaliitwa bronkhia. Wako wanaisimu wa kale waliolihusisha na kitenzi chenye maana ya kulowesha, kwani baadhi ya Wayunani, Plato miongoni mwao, walidhani kinywaji hupita mapafuni. Aristotle aliipinga dhana hiyo.

Mwaka 1808 tabibu Mwingereza Charles Badham alilieneza jina la ugonjwa kwa kuongeza kiishio kidokezacho uvimbe. Mwaka 1897 Mjerumani Gustav Killian alipitisha bomba katika njia ya hewa ya mkulima na kuutoa mfupa uliokwama. Ndiyo asili ya bronkoskopia.

Kiswahili nacho hakikuwa bubu. Tunalo neno mkamba kwa ugonjwa huo huo. Tunayo pumu, ndugu ya kupumua, pumzi na pumziko. Tunacho kichomi, kitokanacho na kuchoma. Ajabu ni kwamba neno la Kiyunani lililozaa jina la kimataifa la pumu nalo lilimaanisha kuhema. Watu wawili wasiojuana waliusikiliza ugonjwa mmoja, wakauita kwa mlio wa kifua.

Tofauti iko katika mpangilio. Myunani hutanguliza kiungo, kisha maradhi. Mswahili hutanguliza maradhi, kisha kiungo: uvimbe wa mirija ya hewa. Kwa hiyo "bronko" ikiletwa nzima, huketi mbele kama mgeni asiyesalimia.

Ifakara, ambako Mswisi Rudolf Geigy alianzisha maabara ya utafiti katika miaka ya 1950, lugha ya tiba na lugha ya shambani hukutana kila siku. Hapa Michenga tunajua kwamba mama asiyelielewa jina la ugonjwa wa mwanawe hawezi kuuliza swali la pili, na swali hilo la pili huenda ndilo liokoalo.

Sisemi tulifukuze neno la kigeni, wataalamu wanalihitaji. Nasema liandikwe pamoja na mkamba, na washairi tulitumie mkamba lisije likasahaulika. Neno lisilotamkwa hukosa pumzi.