Ndani ya Kuta Nyekundu za Marrakech



Wapendwa wanaparokia, katika jumuiya zetu ndogondogo Mtakatifu Antoni wa Padua hakosi kazi. Mama aliyepoteza kitambulisho na mwanafunzi aliyepoteza fedha ya ada wote humkimbilia yeye. Lakini ni wachache kati yetu wanaojiuliza ilikuwaje huyo Mreno, aliyekuwa Kanoni wa Mtakatifu Augustino mwenye maktaba nzuri na maisha yaliyotulia, akavua kanzu yake na kuvaa joho la Wafransisko. Jibu limo ndani ya kuta za mji mmoja wa Waislamu huko Moroko, na mwezi Januari tulijaliwa kuutembelea mji huo.

Marrakech ulianzishwa yapata mwaka 1070 na Al-Murabitun, Waberberi waliotoka jangwa la kusini. Kuta zake zilijengwa baadaye, yapata mwaka 1126, kwa amri ya Ali bin Yusuf, alipoanza kuwaogopa maadui waliokuwa wakishuka kutoka milima ya Atlas. Urefu wake wote hukadiriwa kuwa kilomita 19. Si kuta za mawe. Mafundi walichukua udongo mwekundu wa hapo hapo, wakauchanganya na chokaa, wakaushindilia kati ya mbao, kisha wakazihamisha mbao na kuanza kipande kingine. Matundu ya ile miti ya kushikilia mbao yangali yanaonekana, na njiwa wamejitwalia kuwa makao yao. Tetemeko la ardhi la tarehe 8 Septemba 2023, lililoua watu karibu elfu tatu, hasa katika vijiji vya milimani, liliangusha baadhi ya sehemu za kuta hizo. Jioni, jua linapozama, ukuta wote huwa na rangi ya tofali lililotoka tanuruni, na nyuma yake theluji ya Atlas hung'aa. Mtalii husahau kabisa kwamba kitu hicho kilijengwa kwa sababu ya hofu.

Na hofu ile ilikuwa ya haki. Mwaka 1147 mji ulitekwa na Al-Muwahhidun, yaani wale wenye kumpwekesha Mungu. Wao ndio waliosimamisha Msikiti wa Koutoubia, ambao mnara wake una urefu wa mita 77 hivi. Asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia humo. Tulisimama bustanini chini ya michungwa tukautazama kutoka nje, wala hatukunung'unika. Katika mji huo huo alifariki Ibn Rushd mwaka 1198, yule ambaye katika masomo ya falsafa seminarini tulimwita Averroes, na ambaye Mtakatifu Thoma wa Akwino alimwita Mfafanuzi, hata pale alipokuwa akimpinga. Tulipokuwa tukihangaika na mitihani hatukuwahi kufikiri kwamba mtu huyo alikuwa na mtaa alioishi.

Turudi kwa Antoni. Mwaka 1219 Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliwatuma ndugu kadhaa kwenda kwa Waislamu wa magharibi. Kiongozi wao, Vitalis, aliugua njiani huko Hispania akabaki. Watano wakaendelea: Berardo, Petro, Otho, Akursio na Adiuto. Walipita Coimbra, Ureno, alikokuwa akiishi yule Kanoni kijana, ambaye wakati huo aliitwa Fernando. Huko Seville, mji uliokuwa bado chini ya Al-Muwahhidun, walihubiri waziwazi, wakakamatwa, na hatimaye wakapelekwa Marrakech. Hapo walipokewa na Mkristo mwenzao, Pedro, ndugu wa mfalme wa Ureno, aliyekuwa akimtumikia khalifa pamoja na askari Wakristo. Jambo hili tulisisitize kidogo, maana wengi hudhani kwamba enzi ile Msalaba na Mwezi vilikutana vitani tu. Ndani ya kuta zile Wakristo walikuwa wakiishi na kulipwa mshahara na khalifa.

Berardo alijua Kiarabu. Alihubiri hadharani, akimlaumu Muhammad kwa maneno makali. Khalifa Yusuf al-Mustansir hakuwaua mara moja. Aliamuru waondolewe nchini. Wakarudi. Pedro mwenyewe aliwasihi wanyamaze, akiwahofia wao na Wakristo wote wa mji. Hawakunyamaza. Tarehe 16 Januari 1220 waliuawa kwa upanga, na mapokeo husema kwamba khalifa alifanya hivyo kwa mkono wake mwenyewe.

Tulisimama kwenye lango la Bab Agnaou, lango la mawe lililochongwa mwishoni mwa karne ya 12 kuingilia upande wa ikulu, tukamwuliza kiongozi wetu kama amewahi kusikia habari za Wafransisko watano. Hakuwahi. Alituambia kwa upole kwamba hapo wageni humwuliza zaidi juu ya kori wanaotengeneza viota vyao juu ya kuta. Kisha akauliza, "Kwani walikuja kutafuta nini?"

Swali hilo lilitukaa. Wale wetu waliokua wakati wa mihadhara ya viwanjani, Biblia mkono mmoja na Kurani mkono wa pili, vipaza sauti vikielekezwa kwa jirani, wanajua vema jinsi neno la Mungu linavyoweza kurushwa kama jiwe. Je, ndugu wale watano walikuwa watu wa mihadhara? Hatuwezi kulikwepa swali kwa sababu tu Kanisa liliwatangaza watakatifu mwaka 1481. Damu yao waliitoa wao, hawakumwaga ya mtu mwingine, na hapo ndipo heshima yetu kwao inaposimama. Lakini namna yao haikuwa namna pekee, hata katika shirika lao.

Mwaka ule ule wa 1219 Fransisko mwenyewe alivuka mistari ya vita karibu na Damietta, Misri, akaenda kwa Sultani al-Kamil. Alisikilizwa, akarudi salama. Katika kanuni aliyoiandika mwaka 1221 alitaja njia mbili za kuishi kati ya Waislamu, na ya kwanza ni kutobishana, kuwa chini ya kila mtu kwa ajili ya Mungu, na kukiri tu kwamba wao ni Wakristo. Kuhubiri huja baadaye, wanapoona kuwa yampendeza Bwana. Ndugu Yordano wa Giano, aliyeishi zama zile, anasimulia kwamba masimulizi ya wafiadini hao yalipoletwa, Fransisko alikataza yasisomwe, akitaka kila mmoja ajivunie mateso yake mwenyewe na si ya wengine. Kwetu sisi mapadre, tupendao kuhubiri juu ya mashujaa, habari hiyo si rahisi kumeza.

Nje ya kuta, katika mtaa wa Guéliz, lipo kanisa la Watakatifu Wafiadini, lililojengwa wakati wa utawala wa Ufaransa. Tuliadhimisha Misa hapo siku yao. Wengi wa waamini walikuwa vijana wa Afrika ya kusini mwa Sahara, wanafunzi na wahamiaji, na kwaya iliimba kwa Kifaransa na kwa ngoma. Katikati ya mageuzo tulisikia adhana kutoka msikiti wa jirani. Hakuna aliyegeuza kichwa.

Masalia ya wale watano yalipelekwa Coimbra, kwenye monasteri ya Msalaba Mtakatifu. Fernando aliyaona, na mwaka 1220 akaomba kuingia Ufransisko, akachukua jina la Antoni, akapanda merikebu kwenda Moroko ili afe kama wao. Alifika, akaugua majira yote ya baridi, hakuhubiri hata mara moja. Alipoanza safari ya kurudi Ureno, dhoruba iliisukuma merikebu hadi Sisilia, na kutoka hapo akaenda Asizi kwenye mkutano mkuu wa ndugu wa mwaka 1221, ambako hakuna aliyemjua, na mwishoni alikuwa kati ya waliobaki bila kupangiwa mahali pa kwenda.