Mwanga na Uso wa Mtu

Picha ni hati ya historia kama zilivyo barua na kumbukumbu za mabaraza. Kwa hiyo yafaa tujiulize: kifaa kinachompimia mpiga picha mwanga hupima kitu gani hasa?

Mnamo mwaka 1932 kampuni ya Weston ya Marekani ilitoa kipima-mwanga chenye seleniamu, kitu ambacho kikipigwa na mwanga huzalisha umeme kidogo, nao umeme huo husogeza mshale. Kifaa hicho hupima mwanga unaorudishwa na kitu kinachopigwa picha. Kasoro yake ni kwamba hukichukulia kila kitu kuwa cha rangi ya kijivu ya wastani. Akisimama mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, kanzu ndiyo itawalayo mshale. Kipimo huamuru mwanga upunguzwe, kanzu ikatoka kijivu na uso ukazama gizani. Mwanamke aliyevaa buibui jeusi hupatwa na kinyume chake: mwanga huongezwa, uso ukapauka.

Mmarekani Donald Norwood alitafuta njia nyingine. Kipimo chake, alichokipatia hataza mwaka 1940, kilikuwa na kuba jeupe mfano wa nusu ya mpira. Huwekwa mbele ya uso wa mtu, kuba likielekea kamera, kikapima mwanga unaomwangukia. Weusi wa ngozi au weupe wa nguo haukibadilishi.

Hata hivyo, njia ya kwanza ndiyo iliyoenea, hasa baada ya kamera za Topcon mwaka 1963 na Pentax mwaka 1964 kupima mwanga uliopita katika lenzi. Sababu ilikuwa wepesi: mpiga picha hakulazimika tena kumwendea mtu. Wala njia hiyo haistahili kubezwa, kwani mlima wa mbali au mwigizaji aliye jukwaani hawafikiki. Bali aitumiaje hana budi kuisahihisha: aongeze mwanga penye weupe mwingi, apunguze penye weusi mwingi.

Nasi tusomao picha za kale tuwe waangalifu. Tukimwona babu ambaye uso wake hautambulikani, tusidhani kwamba alisimama kivulini. Huenda alisimama juani, ila iliyopimwa ni kanzu yake.