Mapishi Yanapohama: Kutoka Jiko la Rubafu hadi Faili la Kompyuta

Kuhamisha mapishi ni kazi ya zamani kuliko kompyuta, kwa kuwa kila kizazi kinachopika hulazimika kukikabidhi kizazi kijacho maarifa yasiyo na umbo la kudumu, na kila chombo kinachoyapokea maarifa hayo huwa na nafasi ya baadhi ya mambo na kukosa nafasi ya mengine. Katika Rubafu, kata iliyo kando ya Ziwa Victoria kaskazini mwa mji wa Bukoba, katika nchi ya zamani ya Bugabo, chombo cha kwanza kilikuwa macho na mikono ya binti aliyeketi jikoni na mama yake au bibi yake. Baadaye lilikuja daftari, na leo imekuja simu yenye programu ya mapishi, yaani programu inayohifadhi resipi, ambazo ni maelezo ya maandishi ya viambato, vipimo na hatua za kupika. Mengi yameandikwa kuhusu uhodari wa programu hizo katika kuhifadhi, lakini swali zito zaidi ni lile la kuhama: nini hubaki njiani resipi inapotolewa katika programu moja na kuingizwa katika nyingine?

Uzito wa swali hilo unaweza kupimwa kwa chakula kikuu cha Wahaya, wenyeji wa eneo hilo: ebitoke, yaani ndizi za kupika. Tofauti na Buganda, ambako ndizi huivishwa kwa mvuke ndani ya majani na kisha kupondwa, jiko la Bukoba kwa kawaida huziacha ndizi zikiwa nzima na kuzipika katika sufuria moja pamoja na maharage, ambayo Kihaya huyaita ebihimba, au pamoja na samaki wa ziwani au nyama, huku majani ya mgomba yakifunika sufuria ili joto lisitoroke. Mpishi hutambua kwamba chakula kimekaribia kuiva kwa harufu na kwa rangi ya majani hayo, ambayo huacha ubichi wake na kugeuka kahawia. Kabla ya hapo amekwisha kuchagua, maana kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, hakina ndizi za aina moja: zipo za kupika, zipo embire za kutengenezea pombe, zipo nkonjwa za kuchoma, na hata miongoni mwa zile za kupika kila aina ina jina lake, ulaini wake na muda wake jikoni. Kuandika “ndizi” bila kutaja aina ni sawa na kuandika “samaki” bila kusema kama ni dagaa au sangara.

Maandishi yalifika Bukoba pamoja na wamisionari, hasa baada ya White Fathers kuanzisha misheni ya Kashozi mwaka 1892, lakini kalamu haikuanzia jikoni. Hermann Rehse alichapisha mwaka 1910 kitabu chake cha Kijerumani kuhusu nchi na watu wa Kiziba, mojawapo ya falme za Wahaya, na Francis X. Lwamgira akaandika kwa Kihaya historia ya abakama, yaani wafalme, katika Amakuru ga Kiziba. Ilipofika mwaka 1996, Brad Weiss, mwanaanthropolojia wa Marekani, alitoa kitabu kuhusu maisha ya Wahaya kilichoutazama upishi na ulaji kama msingi wa jinsi wanavyouelewa ulimwengu wao, na mtazamo huo unastahili kuungwa mkono. Nasaba za watawala zilipata wino mapema, ilhali maarifa ya wanawake yaliyolisha nyumba za watawala hao yaliendelea kutegemea kumbukumbu.

Wakati huohuo, upande wa pili wa dunia, mashine ilikuwa inaelekezwa jikoni. Mwaka 1969 kampuni ya Honeywell, kupitia duka la Neiman Marcus la Marekani, ilitangaza kompyuta ya jikoni kwa bei iliyozidi dola 10,000, na haijulikani kama kuna hata moja iliyouzwa, jambo lisiloshangaza kwa mashine iliyomtaka mpishi azungumze nayo kwa vitufe na taa. Mafanikio yalikuja na kompyuta ndogo za nyumbani, na hapo ndipo Meal-Master, programu iliyoenea tangu miaka ya 1980, ilipoweka msingi unaohisiwa hadi sasa. Faili lake lilikuwa la maandishi matupu, yaani herufi tu zisizo na pambo, ambazo kompyuta yoyote ingeweza kuzisoma, na kwa sababu hiyo watu wasiofahamiana waliweza kubadilishana resipi kwa maelfu.

Usomekaji huo ulikuwa na gharama, na inafaa gharama hiyo itazamwe kwa makini. Kila kiambato katika Meal-Master kilipewa mstari wenye nafasi saba za kiasi, nafasi mbili za alama ya kipimo na nafasi 28 za jina lake, na alama za vipimo zilitoka katika orodha iliyofungwa: kikombe, kijiko, kopo, pakiti, kipande na mfano wa hayo. Ilikuwamo alama ya fungu, iliyofaa kwa fungu la kotimiri, na mpishi wa Rubafu angeweza kuitumia kwa mkungu mzima wa ndizi bila programu kung’amua kwamba mkungu hubebwa kichwani ilhali fungu la kotimiri hushikwa kwa vidole. Alama ya chane, yaani tawi moja la ndizi katika mkungu, haikuwamo. Kwa hiyo orodha ya vipimo ya programu huwa ni picha ya jiko la aliyeitunga, na jiko la mwingine likihamia humo hupunguzwa ili lienee.

Programu zilizofuata, kama MasterCook, zilitumia mafaili ya miundo yao wenyewe, na miaka ya simu janja ikaleta nyingine nyingi, Paprika ikiwa miongoni mwa zinazojulikana zaidi. Faili linalotolewa na Paprika kwa ajili ya kuhama ni kifurushi kilichobanwa, ambacho ndani yake kila resipi ni faili dogo la JSON, yaani maandishi yaliyopangwa kwa jozi za jina na thamani, pamoja na picha zake, na kwa kuwa muundo huo unaeleweka, programu nyingine zimejifunza kuupokea. Bila faili la namna hiyo, kufungwa kwa huduma huwaumiza watumiaji wake: ZipList ilifungwa Desemba 2014 na Yummly Desemba 2024, na mtu aliyechelewa kuondoa resipi zake alipoteza kazi ya miaka.

Jaribio kubwa la kuunda lugha moja ya mapishi lilifanyika Juni 2011, kampuni za Google, Microsoft na Yahoo zilipotangaza Schema.org, msamiati wa pamoja unaozieleza mashine ni maneno yapi katika ukurasa ni viambato, yapi ni hatua na upi ni muda wa kupika. Msamiati huo umerahisisha uhamishaji kuliko kitu kingine chochote, lakini muda ndani yake huandikwa kwa saa na dakika, na agizo la kungoja majani yageuke rangi halina sehemu yake maalumu isipokuwa ndani ya maelezo huru ya hatua. Hasara nyingine ni ndogo ila za kila siku: nusu na robo hugeuka alama zisizosomeka, vichwa vidogo vinavyotenganisha viambato vya mchuzi na vya ndizi hufutika, na picha hubaki nyuma.

Sheria nazo zimeanza kuigusa kazi hii. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, na kifungu cha 38 cha sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, zinamtambua mtu kuwa na haki ya kuchukua taarifa zake na kuzihamisha kwa mtoa huduma mwingine.

Kwa Kagera, mkoa uliomo Bukoba, kuhifadhi mapishi kuna uharaka wake, kwa kuwa mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria, uliothibitishwa wilayani Muleba mwaka 2006, umeharibu vibanja vingi, na aina ya ndizi ikipotea shambani, mapishi yake hubaki katika kumbukumbu za wazee peke yake. Msomaji mwenye mama au bibi Rubafu, Muleba au kokote Wahaya wanakoishi anaombwa ayaandike mapishi hayo sasa, katika programu yoyote aipendayo, na kabla ya kuiamini programu hiyo ahakikishe kwamba inaweza kutoa faili linalosomeka nje yake, kisha ahifadhi nakala ya pili kwa maandishi matupu. Jina la ndizi liandikwe kwanza, kwa Kihaya, kabla ya kipimo chochote.