Ukuta na Sauti

Msomaji mpenzi, huenda umepata kuketi katika darasa ambalo ukuta wake wa kati haufiki mpaka kwenye bati. Mwalimu wako asema habari za mito ya Afrika, na upande wa pili wanafunzi wa kidato kingine waitika kwa pamoja maneno ya Kiingereza. Ukuta wauona, ni wa mawe, nao una nguvu za kutosha kumzuia fahali. Walakini maneno yaliyosemwa kule yamekufikia wewe hapa kamili, kana kwamba ukuta haupo. Ndipo mtu atambuapo kwamba kumzuia mnyama ni kazi moja, na kuizuia sauti ni kazi nyingine kabisa.

Katika kurasa hizi nataka kukueleza jinsi binadamu alivyojifunza kazi hiyo ya pili. Habari zenyewe ni za miaka mia na sabini hivi. Zaanza na mtu mmoja aliyetamani kimya akakikosa, na zafika mpaka kwenye programu za kompyuta, ambazo siku hizi humwambia mjenzi, kabla hajaweka hata jiwe la kwanza, ni sauti kiasi gani itakayopita ukutani.

Mtu huyo wa kwanza alikuwa Thomas Carlyle, mwandishi mashuhuri wa historia, mzaliwa wa Scotland. Tangu mwaka 1834 alikaa na mkewe, Jane, katika nyumba moja ya mtaa wa Chelsea, London. Kazi yake ilitaka utulivu, lakini utulivu haukupatikana. Jogoo wa majirani waliwika, kinanda kililia nyumba ya pili, na njiani walipita watu wenye vinanda vya kuzungusha kwa mkono. Basi mwaka 1853 Carlyle akaamua kujijengea chumba kisichosikia. Mafundi walipanda juu kabisa ya nyumba, wakajenga chumba chenye kuta maradufu, kisicho na dirisha la kutazama njiani. Mwanga uliingia kwa kioo cha juu ya paa.

Fedha zilitumika, vumbi likaijaza nyumba, na mwisho wake ulikuwa masikitiko. Chumba hakikuwa kimya hata kidogo. Hapo juu sauti za mbali, kama vile za vyombo vya mtoni na za magari ya moshi, zikamfikia waziwazi kuliko alivyopata kuzisikia hapo kwanza. Carlyle alikitumia chumba hicho kwa miaka mingi, akaandikia humo kitabu chake kikubwa juu ya Mfalme Frederick wa Prussia, lakini kimya alichokilipia hakukipata.

Usimcheke, msomaji. Carlyle hakuwa mjinga, wala mafundi wake hawakuwa wavivu. Kosa lao lilikuwa moja tu: walibahatisha. Na wangefanyaje, ikiwa hapakuwa na mtu ye yote duniani aliyeweza kuwaambia, kwa hesabu, ukuta fulani huzuia sauti kiasi gani?

Mwanga wa kwanza ulitokea Marekani. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa masomo katika jumba la Fogg, nao haukufaa kwa kazi yake. Mtu akisema neno, mwangwi wake ulikaa hewani zaidi ya sekunde 5, hata maneno yaliyofuata yakavurugika yote. Mkuu wa chuo, Charles Eliot, alimwita mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, aliyekuwa na umri wa miaka 27, akamtaka autengeneze.

Sabine hakuwa na mitambo ya umeme ya kupimia sauti. Alikuwa na filimbi ya kinanda, saa, na masikio yake. Alifanya kazi usiku wa manane, wakati mji umelala. Yeye na wasaidizi wake waliazima mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, wakaibeba mpaka Fogg, wakapima mwangwi unadumu muda gani, kisha wakairudisha kabla ya mapambazuko. Usiku baada ya usiku aliongeza mito na kuandika hesabu. Mwaka 1898 akapata kanuni aliyoitafuta: ukijua ukubwa wa chumba na vitu vilivyomo, waweza kuhesabu sauti itadumu humo muda gani. Kanuni hiyo ilitumika katika kujenga Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900, na ukumbi huo wasifiwa mpaka leo.

Yakupasa kutenganisha mambo mawili hapa. Kanuni hiyo yahusu sauti iliyomo ndani ya chumba. Haisemi lo lote juu ya sauti ipitayo ukutani. Lakini Sabine alikuwa amethibitisha jambo kubwa zaidi, yaani kwamba mambo ya sauti yaweza kujulikana kabla ya kujenga. Baadaye akaugeukia ukuta wenyewe, na mwaka 1915 akatoa maandishi juu ya kuzuia sauti. Tajiri mmoja, George Fabyan, alimjengea nyumba ya majaribio mahali paitwapo Riverbank, katika jimbo la Illinois, lakini Sabine alifariki mwezi wa Januari 1919 asijaliwe kuitumia. Kazi hiyo iliendelezwa na ndugu yake wa mbali, Paul Sabine.

Njia ya kupima katika nyumba za namna hiyo ni rahisi kuieleza. Vyumba viwili vizito hujengwa, na kati yao huachwa nafasi. Ukuta wa kujaribiwa hujengwa katika nafasi hiyo. Sauti hupigwa chumba cha kwanza, ikapimwa huko, kisha ikapimwa chumba cha pili. Tofauti yake hutajwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Ukuta ukisemwa kuwa wazuia desibeli 50, maana yake ni kwamba katika sehemu 100,000 za nguvu ya sauti iupigayo, sehemu 1 tu ndiyo ipitayo.

Wakati huohuo wataalamu walitafuta sababu. Mwaka 1911, katika mji wa Munich, Ujerumani, Richard Berger alionyesha kwamba jambo la kwanza ni uzito. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ili ipite, lazima iutikise ukuta, na kitu kizito ni kigumu kutikisika. Ukiuongeza uzito wa ukuta maradufu, wapata faida ya desibeli 5 au 6 hivi. Kadhalika sauti nyembamba huzuilika upesi kuliko sauti nene, na ndiyo sababu ngoma ya arusi ya jirani hukufikia chumbani hali maneno ya nyimbo yamebaki njiani.

Lakini uzito peke yake haukueleza kila kitu. Kioo, kwa mfano, hupitisha baadhi ya sauti nyembamba kuliko uzito wake unavyostahili. Mwaka 1942 Mjerumani mwingine, Lothar Cremer, alifumbua fumbo hilo. Umewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea? Ukisukuma ovyo, bembea haiendi. Ukisukuma kwa kufuata mwendo wake, nguvu kidogo humpeleka mbali. Ndivyo ilivyo kwa sauti ijayo kwa mshazari: mwendo wake ukipatana na mwendo wa kupindika kwa kioo, kioo huitika na kuipitisha. Kisha mwaka 1950 Albert London wa Marekani alitoa hesabu za kuta maradufu, zile zile ambazo Carlyle alizitumainia bila kuzijua.

Basi kanuni zilikuwapo. Shida ilikuwa wingi wa hesabu. Maana sauti haipiti katika ukuta wa kati peke yake. Huingia sakafuni ikatokea upande wa pili; hupanda darini; huzunguka kwa kuta za kando. Mwaka 1979 Eddy Gerretsen wa Uholanzi alieleza namna ya kuzihesabu njia hizo. Kati ya vyumba viwili vilivyopakana zipo njia 13: moja ni ya ukuta wa kati, na 12 ni za sakafu, dari na kuta mbili za kando. Kila njia yapasa kuhesabiwa kwa sauti 16 tofauti, tangu nene hata nyembamba. Hizo ni hesabu 208 kwa vyumba viwili tu. Mtu akitumia kalamu na karatasi angemaliza siku nzima, tena pasipo hakika kwamba hakukosea.

Hapo ndipo kompyuta iliposaidia. Mwaka 2000 njia hiyo ya Gerretsen iliingizwa katika kanuni za Ulaya ziitwazo EN 12354, na mwaka 2017 ikatolewa kwa ulimwengu wote kwa jina la ISO 12354. Zikatengenezwa programu, kama vile BASTIAN ya Ujerumani, ambayo huzihesabu njia zote za jengo, na INSUL ya New Zealand, ambayo huukadiria ukuta mmoja mmoja. Mhandisi huieleza programu habari za ukuta wake: matofali ya unene gani, lipu kiasi gani, nafasi ya hewa upana gani. Mara hupata jibu. Asiporidhika hubadili, akajaribu tena. Aweza kuzijaribu kuta kumi asubuhi moja, bila kuvunja tofali hata moja.

Je, sasa kazi imekwisha? La. Watengenezaji wa programu hizo wenyewe hukiri kwamba jibu laweza kupotoka kwa desibeli 3 hivi, yaani nguvu ya sauti ipitayo yaweza kuwa maradufu au nusu ya ile iliyohesabiwa. Tena programu huhesabu ukuta uliochorwa, si ukuta uliojengwa. Chukua ule ukuta wa desibeli 50, uache nafasi wazi iliyo sehemu 1 katika 100 ya eneo lake. Kwa kuwa nafasi hiyo hupitisha sauti yote iifikiayo, ukuta mzima sasa hauzuii zaidi ya desibeli 20. Sauti ipitayo imeongezeka kama mara 1,000, na sababu yake ni tundu dogo tu! Sasa waelewa habari ya lile darasa letu: mawe yake hayakuwa na kosa, kosa lilikuwa ile nafasi iliyoachwa juu, kati ya ukuta na bati.

Usidhani kwamba haya ni mambo ya starehe za matajiri tu. Mgonjwa aliyelala wodini, mtoto mchanga katika nyumba ya kupanga, mwanafunzi aliye katika mtihani, hao wote wategemea ukuta. Jirani asiyelala kwa ajili ya kelele zako hana raha, hata kama huna nia mbaya naye. Carlyle alikuwa na fedha za kujaribu na kushindwa. Watu wengi hawana. Kwao ni lazima nyumba ijengwe sawasawa mara ya kwanza, na ndiyo faida ya kuhesabu kabla ya kujenga.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sabine na wenzake wametufundisha kuongeza neno moja: hata ukiisha kujenga ukuta, rudi ukauzibe ufa. Huenda wewe msomaji siku moja utakuwa mhandisi, au mwashi, au mwanakamati wa kujenga shule ya kijijini kwenu. Siku hiyo ramani itakapowekwa mezani, uliza swali ambalo mafundi wa Carlyle hawakuweza kulijibu: ukuta huu utazuia sauti kiasi gani? Kisha, utakapokwisha kujengwa, panda ngazi ukautazame pale juu, unapokutana na bati.