Fedha za Nyumba Salama: Uchangishaji wa Kuwakinga Wasichana Tarime na Serengeti

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kazi ya kutafuta fedha za kuwakinga wasichana dhidi ya ukeketaji imekuwa ikishindana na mzunguko mwingine wa fedha ulioitangulia. Msimu wa tohara katika koo za Wakurya, ambao hutangazwa na wazee wa mila na aghalabu huangukia Desemba shule zinapofungwa, huandamana na malipo: mzazi humlipa ngariba, yaani mwanamke anayekeketa, sehemu ya malipo hayo huwafikia wazee, na msichana aliyekeketwa hutunzwa kanga na fedha na ndugu na majirani. Sheria ya mwaka 1998, iliyofanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai lenye kifungo cha miaka 5 hadi 15, haikumwandalia msichana anayekimbia kukeketwa mahali pa kulala wala chakula, na hapo ndipo wachangishaji walipopata kazi yao.

Makanisa yalikuwa mstari wa mbele. Kituo cha Masanga, Tarime, chini ya Jimbo Katoliki la Musoma, kilianza kazi hiyo mwaka 2008 na kikajulikana kwa kambi zake za kuwahifadhi wasichana msimu wa tohara. Mwaka 2014 Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana ilifungua nyumba salama, yaani makazi ya muda yenye ulinzi, mjini Mugumu, Serengeti. Rhobi Samwelly, aliyeihudumia nyumba hiyo na ambaye mwenyewe alikeketwa utotoni, alianzisha mwaka 2017 shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, na ushuhuda wake, uliosambazwa na filamu ya mwaka 2018 iitwayo In the Name of Your Daughter, uliwafikia wahisani ambao andiko la mradi, yaani ombi rasmi lenye shughuli, bajeti na matokeo yanayotarajiwa, lisingewagusa.

Ugumu mkubwa wa kazi hii ni kalenda. Mfadhili hutoa fedha kwa mwaka wake wa hesabu, ilhali unga, maharage, magodoro na posho za walezi huhitajika kwa wingi pale wazee wanapotangaza msimu. Tena msichana ambaye wazazi wake wanakataa kumpokea bila kukeketwa hubaki kituoni, akihitaji ada na sare muda mrefu baada ya mradi kufungwa. Kwa sababu hiyo michango midogo isiyofungwa na masharti ina thamani kubwa kuliko ukubwa wake, na ndiyo iliyokusanywa kwa ajili ya kazi ya Samwelly na Tanzania Development Trust, asasi ya Uingereza inayoendeshwa na watu wa kujitolea.

Si kila mchango ulikuwa wa fedha. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Crowd2Map uliwakusanya watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi wakachora, kwa kutumia picha za setilaiti, barabara na makazi ya vijiji ambavyo havikuwamo kwenye ramani, ili polisi na wanaharakati wanaopigiwa simu usiku waweze kumfikia msichana kabla ya ngariba.