Orari ya hesabu Kisangani: saa 60, mto mmoja na vita vingi

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapofika Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS, kitu anachokitafuta mapema ni karatasi ya orari iliyobandikwa ukutani. Anataka kujua kozi ya hesabu itaanza siku gani, katika oditwari gani, na itafundishwa na nani. Karatasi hiyo ni ndogo, lakini nyuma yake kuna historia ya zaidi ya miaka 60 ya mji huu.

Wakati Kongo inapata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi ilikuwa na vyuo vikuu viwili: Lovanium huko Léopoldville, kilichofunguliwa mwaka 1954, na kile cha Elisabethville cha mwaka 1956. Upande huu wa mto hapakuwa na kitu. Mwaka 1963 makanisa ya Kiprotestanti yalifungua Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, Chuo Kikuu Huru cha Kongo.

Chuo hicho hakikumaliza hata miaka miwili kwa amani. Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli, na watu wengi walikufa katika siku hizo. Chuo kilihamia Léopoldville na kupokelewa na Lovanium. Kwa hiyo familia zilizohamishwa na vita leo zijue hili: chuo hiki nacho kiliwahi kuwa mkimbizi katika nchi yake, kikasomesha katika nyumba ya wengine, kisha kikarudi kwao.

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vyote kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA. Vitivo viligawanywa kati ya miji. Sheria na uchumi vilikwenda Kinshasa, fasihi na sayansi za jamii Lubumbashi, saikolojia na elimu Kisangani, na kilimo Yangambi, kama kilomita mia moja kutoka hapa kwa kufuata mto. Mgawanyo huo ulitawanya pia walimu. Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa na UNIKIS ikaanza kujitegemea, lakini maprofesa wengi wa masomo fulani walikuwa tayari wamejenga maisha yao mbali.

Hapo ndipo orari ya hesabu inapoeleweka. Mwalimu asipopatikana mjini, chuo humwita profesa mgeni kutoka mji mwingine. Kwa mto, Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,700 kutoka hapa, na meli inaweza kuchukua majuma kadhaa. Kwa ndege ni saa chache tu, lakini tiketi ni ghali. Profesa akishafika hawezi kukaa miezi minne. Anafundisha kozi yote mfululizo, anatoa mtihani, anaondoka.

Tuchukue mfano wa kozi ya saa 60. Ikifundishwa saa 4 kwa juma, inachukua majuma 15. Profesa mgeni akifundisha saa 6 kila siku, anaimaliza kwa siku 10 za kazi, yaani majuma mawili. Saa ni zilezile, lakini hatari si ileile. Katika orari ya kwanza, mwanafunzi akiugua malaria juma moja anakosa saa 4. Katika orari ya pili anakosa saa 30, nusu ya kozi.

Na hesabu haisubiri. Katika kozi ya mwanzo, mwanafunzi hufundishwa kwanza fonksyo, kisha limiti, kisha derive, kisha integrali. Asiyeelewa limiti hawezi kuelewa derive, kwa sababu derive yenyewe ni limiti. Ni kama kupanda ngazi: kipago kimoja kikikatika, vya juu havikusaidii.

Vita vilizidisha ugumu huo. Kuanzia 1998 Kisangani ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, na mstari wa mapigano uliifunga njia ya mto kwenda Kinshasa. Juni 2000, mwezi ambao kwa kawaida vijana hufikiria mitihani, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita ndani ya mji, na maelfu ya makombora yakaangukia mitaa ya raia. Hata hivyo chuo hakikufa. Mzigo wa masomo uliwaangukia waliobaki hapa: maprofesa wachache, wakuu wa kazi na asistenti.

Leo wapo vijana waliokimbia mapigano ya Wambole na Walengola yaliyoanza mwaka 2023 upande wa Lubunga. Kwa anayeishi bado ng'ambo ya kushoto, kwenda masomoni ni kuvuka mto kwanza, na pirogi inataka nauli. Kwa kijana wa namna hiyo, siku tatu za kukosa nauli katikati ya kozi ya siku 10 ni saa 18 za hesabu.

Basi wazazi na walezi, minervali peke yake haitoshi. Kijana aulize mapema tarehe ya kufika kwa profesa, na nauli ya siku hizo iwekwe kando kabla ya matumizi mengine. Asome silabusi kabla kozi haijaanza. Asikose mazoezi ya asistenti, kwa maana profesa akisharudi kwake, asistenti ndiye anayebaki mjini, kama ilivyokuwa wakati wa vita.