Almasi za Karatasi (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tuliachia pabaya, najua. Barua iko mezani kwa Waziri wa Fedha, Nairobi, Oktoba 1990, nawe ukabaki unanilaani hadi Jumamosi nyingine.

Haya, tulia. Leo barua inajibiwa.

Kwa aliyepitwa: kampuni changa iitwayo Goldenberg International inaomba kusafirisha dhahabu na almasi kutoka Kenya kwenda ng'ambo. Inaahidi kuleta dola milioni 50 kwa mwaka. Nayo inataka mambo mawili tu.

La kwanza, iwe peke yake katika biashara hiyo. La pili, kwa kila fedha za kigeni zenye thamani ya shilingi 100 itakazoleta, serikali iiongezee shilingi 35.

Umesikia vizuri. Thelathini na tano.

Sheria ilisemaje? Ishirini. Tangu 1974 kulikuwa na utaratibu wa kuwafuta jasho wenye viwanda wanaouza bidhaa zao nje. Unatengeneza shati Nairobi, unaliuza ng'ambo, unaleta dola, serikali inakupa kifuta jasho. Utaratibu mzuri tu, wala hauna kosa.

Lakini hayo ya asilimia yaweke kando kidogo. Kuna swali dogo zaidi, ambalo mtoto wa darasa la nne angeliuliza kabla hujamaliza sentensi.

Almasi ipi?

Kenya haina mgodi wa almasi. Dhahabu ipo, ila kiasi chake unakijua. Kakamega wazungu waliikimbilia miaka ya 1930, na mgodi wa Rosterman ukafungwa miaka ya 1950. Migori wapo wachimbaji wadogo mpaka leo, wamepiga magoti mtoni, wanachekecha matope kwenye karai wakitafuta chembe zinazong'aa.

Dola milioni 50 zitoke kwenye karai lipi?

Usijibu kwanza. Tazama wenye kampuni.

Mmoja ni Kamlesh Pattni, kijana ambaye hajafikisha hata miaka 30. Ana ulimi mtamu na haraka ya maisha.

Wa pili ni James Kanyotu. Ukilitaja jina hilo mwaka 1990, ulikuwa unashusha sauti. Huyu ndiye mkuu wa Special Branch, kikosi cha ujasusi cha serikali. Kazi yake ni kujua nani anasema nini, wapi, na kwa nani.

Sasa niambie wewe mwenyewe. Uko ofisini, faili imefika mezani kwako, na jina hilo limo ndani. Utainua simu uulize habari za karai?

Nilijua hungeinua.

Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Profesa George Saitoti, ambaye pia alikuwa Makamu wa Rais. Kabla mwaka haujaisha, jibu likatoka. Ruhusa ikapatikana. Upekee ukapatikana. Na zile 35 zikapatikana: 20 za sheria, 15 za hisani. (Ili tusimwonee marehemu, mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua jina lake liondolewe kwenye lawama za sakata hili. Hadithi yenyewe haikuondoka naye.)

Basi mchezo ukaanza.

Na hapa naomba usogee karibu, kwa sababu watu wengi hudhani wizi mkubwa hufanyika usiku. Huu ulifanyika saa za kazi. Ulikuwa na fomu. Ulikuwa na mihuri. Ulipanga foleni kama mimi na wewe.

Mwenye kusafirisha mali alijaza fomu iitwayo CD3, kutaja amepeleka nini nje na ataleta fedha za kigeni kiasi gani. Forodha wakagonga muhuri. Benki ikathibitisha kwamba dola zimeingia. Hazina ikalipa. Kila ofisi iliangalia karatasi ya ofisi iliyotangulia, ikatosheka.

Na kama mzigo haukuwepo? Karatasi zilikuwepo. Sehemu kubwa ya dhahabu na almasi hizo ilisafiri hivyo hivyo, kwa kalamu na wino, bila kupanda ndege wala meli.

Unafikiri ni watu wangapi waliona? Wa forodha waliona. Wa benki waliona. Wa Hazina waliona. Wapiga chapa waliona, na matarishi waliobeba mafaili nao hawakuwa vipofu. Kila mmoja alikuwa na watoto, karo, na mkopo wa SACCO. Kila mmoja alikuwa na maneno yale matatu tunayoyajua sote: mambo ya wakubwa.

Hayo maneno matatu, nakuambia, yamewahi kubeba fedha nyingi kuliko gari lolote la benki.

Twende mbele kidogo, maana kuna kitu kinapanda moto.

Novemba 1991, wafadhili wanakutana Paris na kuifungia Kenya misaada mipya. Wanataka vyama vingi, wanataka hesabu zisafishwe. Desemba, kifungu cha 2A cha Katiba kinafutwa na KANU, chama pekee kilichoruhusiwa hadi hapo, inapoteza ukiritimba wake. Uchaguzi unakuja. Nchi haina fedha za kigeni, chama kinataka kushinda, na Rais Moi hajawahi kushindwa.

Kampuni inayodai kuleta dola kwa magunia itaguswa na nani katika hali hiyo?

Sasa tuje kwetu, sisi wananchi. Ulidhani utakaa pembeni ukiwacheka wakubwa? Keti hapa.

Mwaka 1992, vijana wa kundi la YK'92 (Youth for KANU '92) walizunguka nchi nzima wakiipigia KANU debe. Mikutano ilipokwisha, mifuko ilifunguliwa. Noti ya 500 ilionekana hadi vijijini ambako watu walizoea sarafu, ikinukia wino. Raia wakaibatiza. Wakaiita "Jirongo", jina la kiongozi wa vijana hao, Cyrus Jirongo.

Tulicheka sana. Una Jirongo hapo? Nivunjie Jirongo. Leo nimelala na Jirongo mfukoni!

Aliyeuliza Jirongo ametoka wapi alionekana mchawi wa sherehe.

Desemba 29, 1992, watu wakapiga kura. Moi akashinda kwa takriban asilimia 36. Ndiyo, 36. Wapinzani wake wakuu, yaani Matiba, Kibaki na Odinga, waligawana karibu zote zilizobaki kwa sababu kila mmoja alitaka kiti hicho hicho. Zaidi ya nusu ya wapiga kura walitaka mabadiliko, na zaidi ya nusu wakaenda nyumbani bila mabadiliko. Hilo nalo lina simulizi yake, siku nyingine nitakupa.

Januari ikafika na bili.

Mwaka 1992, dola moja ilikuwa kwa wastani shilingi 32. Mwaka 1993, wastani ukawa 58. Mfumuko wa bei mwaka huo ukakaribia asilimia 46. Mama aliyeingia dukani na ile Jirongo yake alitoka na mfuko mwepesi, akasimama mlangoni akihesabu tena chenji, akidhani mwenye duka kamwibia.

Mwenye duka hakuiba kitu.

Lakini nani angemwonyesha mama huyo uzi unaotoka kwenye pakiti yake ya unga, ukapita Hazina, ukaingia Benki Kuu, ukaishia kwenye kabati la fomu?

Kulikuwa na mtu mmoja.

Nimemficha tangu wiki jana, na sasa nimechoka kumficha. Anaitwa David Munyakei. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, karani wa Benki Kuu ya Kenya. Hana gari wala walinzi. Hana chama. Ana meza, ana kalamu, na karatasi za fidia ya wasafirishaji zinapita mikononi mwake.

Zinapita. Zinapita tena. Kampuni ni ile ile. Tarakimu zinanenepa.

Karani huwa anajua. Waziri anaweza kusema hakuletewa, gavana anaweza kusema alishauriwa vibaya, lakini aliyeziandika tarakimu kwa mkono wake anazijua kama anavyojua umri wa mama yake.

Na karani akishajua, ana njia mbili. Nyamaza, upande cheo, ujenge kwenu, uwe mzee wa heshima kanisani. Au?

Wengi wenu mmeshachagua. Msinidanganye, nawaona.

Munyakei alichagua ile nyingine.

Mwaka 1993, nakala za karatasi zile zikatoka ndani ya Benki Kuu. Jengo lenyewe unalijua, lile ambalo ukisimama nje ukifunga kamba za viatu askari anakuuliza unatafuta nini. Zikatoka, na zikafika mikononi mwa wabunge wawili wa upinzani walioingia Bungeni kwa mara ya kwanza: Paul Muite wa Kikuyu na Peter Anyang' Nyong'o wa Kisumu Rural.

Hawakuzilalia.

Mambo ya Goldenberg yakasikika ndani ya Bunge. Magazeti yakayabeba. Nchi nzima ikajua kwamba kuna kampuni inalipwa mamilioni kwa almasi ambazo ardhi ya Kenya haijawahi kuzizaa. Miaka mingi baadaye, tume ya Jaji Samuel Bosire itafuatilia zaidi ya shilingi bilioni 158 zilizozungushwa katika mchezo huo. Bilioni! Lakini tusiruke, tume iko mbali bado, na kabla yake kuna machozi.

Siku zile za mwanzo, unafikiri wananchi walifanya nini?

Walizungumza. Lo, walizungumza! Matatu zilijaa Goldenberg kuanzia Kangemi hadi Kariobangi. Kwenye vinyozi, kwenye foleni ya maji, kwenye vibanda vya chai, kila mtu alikuwa mchumi. Watu walitikisa vichwa, wakasema nchi imeuzwa, wakamaliza chai, wakalipa, wakaenda kazini.

Hakuna aliyeuliza karatasi zimetoka kwa nani. Hakuna aliyeuliza kama mtu huyo usiku ule amelala.

Samahani, nimekosea. Wapo waliouliza.

Ndani ya lile jengo, swali lilikuwa moja tu, na wala halikuhusu dhahabu. Halikuwa nani amelipa, wala nani ameidhinisha, wala fedha ziko wapi. Lilikuwa: nani ametoa?

Na makarani wanaogusa faili zile si wengi. Ukianza kuhesabu, vidole havikuishii.

Wakahesabu.

Fikiria sasa. Waliojaza fomu za almasi wako mezani kwao. Waliogonga mihuri wako mezani kwao. Mwenye kampuni yuko mjini, anakula vizuri, analala vizuri. Serikali yenye polisi, majasusi na mahakama imeamka hatimaye na kuamua kumkamata mtu kwa sakata la Goldenberg. Mtu wa kwanza kabisa!

Unataka kubahatisha ni nani?

David Munyakei akakamatwa. Sheria iliyotolewa kabatini na kupanguswa vumbi kwa ajili yake haikuwa ya wizi. Ilikuwa ile ya siri za serikali.

Jumamosi ijayo nitakupeleka mahali alikopelekwa, kisha nitakupandisha gari la kuelekea Mombasa pamoja na kijana asiye na kazi, anayetazama nyuma kila kituo. Utaona pia ni nani kati ya wale waliokuwa wakitikisa vichwa kwenye matatu alimfungulia mlango.

Ila kabla hujakunja ukurasa, nikuachie hili uhangaike nalo wiki nzima. Munyakei amesimama mbele ya wanaomhoji. Wana jina lake. Wana karatasi. Wanataka kitu kimoja tu cha ziada: majina ya wenzake.

Na majina anayo...

Itaendelea.